Somo: Kuongeza nafasi ya diski kwenye mashine pepe yenye LVM, bila kuizima

Wakuu, salaam.

Juzi usiku nilipigiwa simu na kijana anayetunza seva ya mauzo ya duka la jumla. Risiti hazitoki, hifadhidata imegoma kuandika, df (amri inayoonyesha nafasi ya diski) inasoma 100%. Kilichomchanganya zaidi ni kwamba walishaongeza diski ya mashine pepe kutoka GB 40 hadi GB 60, wakaiwasha upya, na df ikabaki palepale kwenye GB 19. "Kaka, hizi GB nyingine zimekwenda wapi?"

Hazijaenda popote. Ukinunua kiwanja cha jirani usisogeze uzio, ng'ombe wataendelea kubanana kwenye zizi lilelile. Na kwenye LVM (mfumo wa Linux wa kugawa nafasi ya diski) uzio ni minne: partisheni (kipande cha diski), PV (kipande hicho kikishakabidhiwa LVM), voliumu yenyewe (LV), halafu mfumo wa faili. Unaanza wa nje unakwenda ndani. Ukiruka mmoja, wa ndani yake hauna habari kama kiwanja kimekua.

Kwanza bakapu, na iwe nje ya seva hiyo. Snapshoti (picha ya hali ya mashine kwa wakati fulani) isikudanganye kuwa ni bakapu.

Hatua ya 1: Tazama kabla hujagusa

```
lsblk
df -hT /
sudo vgs
```

Tulichokiona: sda (diski yenyewe) ni 60G, sda3 (partisheni yake ya tatu) ni 38G, ubuntu-lv (voliumu) ni 19G. Sasa soma safu ya VFree kwenye vgs, yaani nafasi ya LVM ambayo bado haijapewa voliumu yoyote. Ilisema 19G! Yaani wakati wanahangaika kuongeza diski, GB 19 zilikuwa zimelala humohumo ndani. Kisa ni hiki: ukisakinisha Ubuntu Server kwa mpangilio wake wa LVM, na nafasi ikiwa kati ya GB 20 na 200, kisakinishi kinaipa voliumu ya mfumo nusu tu. Nusu nyingine kinakuachia uamue mwenyewe. Wengi hawaambiwi, wanakuja kujua siku seva imejaa. Ndiyo maana mimi huangalia vgs kabla ya kumwomba bosi hela.

Hatua ya 2: Amsha nafasi iliyolala

```
sudo lvextend -r -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv
```

Hiyo -r ndiyo inayokuza na mfumo wa faili papo hapo. Watu wakiisahau, lvs (amri ya kuorodhesha voliumu) inaonyesha voliumu imekua huku df haijashtuka. Ikikutokea, malizia kwa resize2fs kama mfumo wa faili ni ext4.

Kwetu ilichukua sekunde chache, risiti zikaanza kutoka huku mteja akiwa bado dirishani.

Hatua ya 3: Ile GB 20 iliyoongezwa

```
echo 1 | sudo tee /sys/class/block/sda/device/rescan
sudo growpart /dev/sda 3
sudo pvresize /dev/sda3
sudo lvextend -r -L +10G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv
```

Mstari wa kwanza unaiambia kerneli (kiini cha Linux) ipime diski upya. Kama lsblk tayari inaonyesha ukubwa mpya, uruke. Diski yako ikiitwa vda huwa hauhitajiki. Kwenye growpart kuna nafasi kati ya sda na 3, si kosa la uchapaji. Kwenye pvresize haipo.

Mara hii nimechukua GB 10 tu kwa makusudi. Kuongeza ni dakika moja, kupunguza ni kesi.

Kuna watakaokwambia utumie fdisk: ufute partisheni, uiunde tena ikianzia sekta ileile. Inafanya kazi. Lakini saa tano usiku, macho mazito, ukikosea tarakimu moja ya sekta ya mwanzo umeamkia pabaya. Growpart inakufanyia hesabu hiyo.

Maswali ya wadau

*Mkuu, growpart inanijibu NOCHANGE. Nimekosea wapi?*

Tazama lsblk. Kama sda bado ina ukubwa wa zamani, kerneli haijaona nyongeza: rudia rescan au washa upya. Kama sda imekua, basi huenda nyuma ya partisheni yako kuna nyingine, mara nyingi ya swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM), imeziba njia. Hapo usilazimishe, soma jibu la diski ya pili hapo chini.

*Mimi natumia AlmaLinux. resize2fs inaleta "Bad magic number in super-block". Diski imekufa?*

Haijafa, tulia. Hiyo ni XFS, aina nyingine ya mfumo wa faili, na resize2fs ni ya familia ya ext. Tumia `sudo xfs_growfs /`. Ungeweka -r kwenye lvextend ingechagua yenyewe.

*Diski imejaa kabisa hadi growpart inagoma, inasema hakuna nafasi.*

Inataka kuandika faili dogo la muda kwenye /tmp. Punguza uchafu kwanza: `sudo apt clean`, kisha `sudo journalctl --vacuum-size=100M`. Ikishindikana, weka /tmp kwenye RAM kwa muda: `sudo mount -t tmpfs -o size=10M tmpfs /tmp`, fanya kazi yako, halafu `sudo umount /tmp`.

*Kwenye VMware sehemu ya kubadili ukubwa wa diski imefifia, haibonyezeki.*

Angalia kama mashine ina snapshoti. Ikiwepo, haikuruhusu. Ifute, subiri imalize kuunganisha, ndipo uongeze.

*Kaka, si rahisi zaidi nikiongeza diski ya pili tu?*

Ni rahisi, partisheni huigusi kabisa:

```
sudo pvcreate /dev/sdb
sudo vgextend ubuntu-vg /dev/sdb
```

Halafu lvextend kama kawaida. Hakikisha tu sdb ni tupu kweli. Ila ukishafanya hivyo voliumu moja imekalia diski mbili, na siku mtu akiiona sdb kwenye mipangilio akadhani haina kazi akaing'oa, mfumo wote unaanguka nayo. Mimi hufanya hivyo pale tu sda3 ilipozibwa njia.

*Na nikitaka kupunguza?*

XFS, sahau, unaunda voliumu mpya ndogo na kuhamisha data. Ext4 inapungua, lakini lazima kwanza uishushe (umount), na kama ni ya mfumo wenyewe utawasha mashine kwa ISO (faili la kisakinishi). Uliongeza kiasi gani mkuu?

*Zote.*

Basi ziache hapo hapo.