Vaa viatu kwanza, hamu itakukuta njiani

Miaka sita iliyopita nilikuwa nalala usiku mzima na nusu ya mchana, na bado naamka nimechoka. Mimi ni mhasibu: kiti, meza, kompyuta, kutwa nzima. Daktari aliposema nina sonona iliyochanganyika na wasiwasi, aliniandikia dawa, akanielekeza kwa mshauri nasaha, halafu nikiwa nimeshanyanyuka akaongeza, "Na uwe unatembea." Nilimcheka kimoyomoyo. Mtu anayeshindwa hata kuoga anaambiwa atembee!

Haya namwandikia yule ambaye naye angecheka. Mwenye hamu na nguvu zake hanihitaji.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kungoja hamu. Sonona ikiingia, hamu ndiyo inayoibwa mwanzo, kwa hiyo anayeingoja anamngoja mgeni asiyekuja. Mshauri wangu alinieleza kuwa ipo tiba nzima ya saikolojia iliyosimama juu ya jambo hilo: unapangiwa vitendo vidogo, unavifanya hata moyo ukiwa mzito, na hisia zinakuja nyuma taratibu.

Anza na kitu kidogo kiasi cha kuona haya kumsimulia mtu. Mimi nilianza na dakika tano, mlangoni hadi kona ya barabara na kurudi. Viatu viwe mlangoni tangu usiku, soksi zimo ndani, kamba zimelegezwa. Hizo kamba usizidharau. Kuna asubuhi nilikaa sakafuni nikalitazama fundo moja kama mtu anayetazama mlima, nikarudi kitandani na soksi mguuni. Tangu hapo kamba nazilegeza kabla ya kulala. Na nikajiwekea sheria: zoezi ni kuvaa viatu na kufika mlangoni. Ukishafika, una ruhusa ya kurudi ndani. Ruhusa hiyo nimeitumia mara chache sana.

Ukiwa na mtu wa kukuvuta, mtumie. Dada yangu mkubwa alikuwa anapita jioni. Nikimwambia, "Dada, leo siwezi," habishani nami. Anasema, "Haya, basi nisindikize tu hadi kwenye mti ule." Kutembea nilikuwa sitaki, lakini dada nitamwachaje aondoke peke yake? Kwenye mti anaanza kisa ambacho hakiishi hapo. Ilinichukua mwezi kugundua kwamba nafanyishwa mazoezi.

Chukua daftari. Kabla ya kutoka, andika hali ya moyo kwa namba, 1 hadi 10. Ukirudi, andika tena. Ukurasa wangu wa mwanzo unasomeka hivi: Jumanne 3, 4. Jumatano 2, 4. Alhamisi 4, 4. Si miujiza, ila sonona ina tabia ya kukuambia kuwa jana hukupata nafuu yoyote, na wewe unaiamini. Daftari linabisha kwa niaba yako. Liliniambia pia kitu nisichokitarajia: siku nilizotoka na 2 ndizo zilizopanda zaidi. Na Jumapili moja niliyokimbia kwa hasira hadi kichefuchefu, namba ilishuka kutoka 5 hadi 3. Kujikomoa nikakuacha siku ile.

Kasi inayofaa kuanzia huhitaji saa ya kukupimia. Uweze kuongea, lakini ukijaribu kuimba pumzi ikukatike. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa namna hiyo, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na angalau siku 2 za kutia misuli nguvu. Usizitazame namba hizo wiki ya kwanza. Mwongozo wenyewe unasema kidogo ni bora kuliko bila, na mimi nilimaliza miezi minne kabla ya kuzifikia.

Mwenye wasiwasi ana mtihani wake peke yake. Mazoezi yanaleta vitu vilevile vinavyoletwa na hofu ya ghafla: moyo kwenda mbio, kuhema, jasho, miguu kutetemeka. Mara ya kwanza kupanda ngazi za jengo letu haraka, nilifika ghorofa ya tatu nikaketi, kiganja kifuani, nina hakika nakufa. Sikufa. Baada ya dakika kama mbili mapigo yakatulia yenyewe, bila mimi kufanya lolote. Kesho yake nikapanda tena hadi palepale, nikaketi makusudi, nikahesabu hadi yatulie. Wataalamu wa tiba ya hofu hutumia mbinu hii kwa kukusudia, kuuzoesha ubongo kwamba moyo unaokimbia si lazima uwe hatari. Ila kwanza mwone daktari akupime moyo. Mimi nilikuwa nimepimwa, ndiyo maana nilithubutu.

Utasikia watu wakisifu endofini, kemikali ya mwilini inayosemwa kuleta raha baada ya mazoezi. Mambo hayako mepesi hivyo, kwani endofini iliyomo kwenye damu haipenyi kirahisi kuingia ubongoni. Kinachonivutia zaidi ni hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ambayo kwa wengi wenye sonona huonekana imesinyaa kidogo. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wazee 120: waliotembea kwa mwaka mmoja hipokampasi yao iliongezeka kwa takriban asilimia 2, na wale waliokuwa wakinyoosha viungo tu yao ikapungua. Kutembea tu, jamani.

Hiyo haikupi kibali cha kutupa dawa. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 1999, uliwafuata wagonjwa 156 wa sonona wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na baada ya wiki 16 wa mazoezi na wa dawa walikuwa wamepata nafuu inayokaribiana, lakini wa dawa walianza kuiona mapema. Mimi nilivitumia vyote viwili. Dozi ilipunguzwa baadaye, na aliyeipunguza ni daktari.

Utaruka siku, utaruka hata wiki. Usijaribu kufidia kwa kutembea mara mbili. Mhasibu nakwambia: deni hili halilipwi, linafutwa, na unarudi kwenye dakika zako tano.

Ukijikuta unakimbia na goti limevimba, au unakosa raha siku nzima kwa sababu umekosa zoezi moja, mwambie mshauri wako; hiyo nayo ni dalili. Na siku mawazo yakigeukia kutotaka kuishi, viatu viache. Mpigie mtu simu hapohapo, au nenda hospitali, wala usione kuwa unamsumbua mtu. Mimi nilimpigia dada saa nane za usiku. Hakuuliza kitu, alisema, "Nakuja," na nikasikia akitafuta viatu vyake.