Namna ya Kuutambua na Kuuainisha Udongo wa Tifutifu Kichanga wa Prairi

Udongo huu una maswali mawili, nami nakusihi usiyachanganye. La kwanza: chembe zake zina ukubwa gani? Jibu lake ndilo "tifutifu kichanga", yaani mchanga mwingi uliochanganyika na chembe laini kidogo. La pili: umeumbikaje? Hapo ndipo zinapoingia nyasi za prairi, zile nyanda pana za katikati ya Amerika Kaskazini. Uainishaji wa Marekani wa 1938 ulikuwa na kundi lililoitwa waziwazi udongo wa prairi: udongo mweusi wa nyasi ndefu, mahali penye mvua ya kutosha kuishusha chokaa mbali chini. Mfumo unaotumika sasa, uliotoka kama kitabu kamili mwaka 1975, umeuweka sehemu kubwa ya udongo huo katika Molisoli, yaani oda ya udongo wenye tabaka la juu nene, jeusi na lenye rutuba. Lakini kukaa prairi peke yake hakuufanyi udongo kuwa Molisoli. Kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska nyasi zimetanda, na bado sehemu kubwa ya udongo wake ni Entisoli, yaani udongo mchanga kiumri usio na matabaka yaliyokomaa, kwa sababu mchanga ule haujajenga tabaka jeusi la kutosha.

Kwa hiyo kazi inaanza shimoni. Ukiwa Marekani, piga 811 kabla ya kuchimba ili uonyeshwe mabomba na nyaya. Chimba hadi mita 1.2 hivi, kisha endelea na kekee ya udongo mpaka karibu mita 2. Usishuke zaidi kwa miguu yako bila mihimili ya kuzuia kuta, maana udongo wenye mchanga huporomoka ghafla. Ukuta utakaousoma uupate mwanga wa jua. Uchokonoe kwa kisu kutoka juu hadi chini, uondoe alama za koleo, kisha weka vijiti kila mahali rangi, ugumu au mizizi inapobadilika. Hayo ndiyo matabaka yako.

Sasa tumia mkono. Mimi huanza na mkono hata pale maabara ilipo karibu, kwa sababu vidole hukuonyesha papo hapo ni tabaka gani linastahili sampuli. Chukua udongo wa kujaa kiganja, toa changarawe, dondoshea maji kidogokidogo huku ukikanda mpaka uwe laini bila kung'aa kwa maji. Ufinyange donge. Mchanga mtupu hausimami. Ukisimama, ubane kati ya kidole gumba na cha shahada, uusukume mbele utoke utepe. Mchanga wenye tifutifu kidogo hufanya donge lakini hautoi utepe wowote. Tifutifu kichanga hutoa utepe mfupi unaokatika kabla ya sentimita 2.5. Kisha lowesha kipande kidogo kupita kiasi kiganjani na ukisugue: ukisikia mkwaruzo wa mchanga kuliko ulaini mwingine wowote, umeupata. Zingatia jambo moja: mboji nyingi hulainisha mguso, na tabaka la juu la prairi lina mboji. Rudia jaribio kwenye tabaka la chini kabla hujaamini la juu.

Maabara itakupa namba. Kwa vipimo vya Marekani, mchanga ni chembe za milimita 2 hadi 0.05, silti ni 0.05 hadi 0.002, na mfinyanzi ni chini ya hapo. Chekecha kwa chekeche la milimita 2, tenganisha chembe kwa heksametafosfeti ya sodiamu, kisha soma haidromita, chombo kinachoelea na kuonyesha uzito wa maji yenye udongo: sekunde 40 kwa ajili ya mchanga, na saa kadhaa baadaye kwa ajili ya mfinyanzi. Udongo wenye mchanga asilimia 65, silti 23 na mfinyanzi 12 ni tifutifu kichanga bila ubishi. Mfinyanzi ukipita asilimia 20, jina hilo halifai tena.

Rangi ndiyo sehemu inayostahili subira yako kubwa. Fungua kitabu cha rangi cha Munsell, vunja bonge, linganisha sura mpya iliyovunjika, kwanza likiwa na unyevu, kisha likiwa kavu. Tabaka la juu la Molisoli linatakiwa liwe na thamani (weupe au weusi wa rangi, namba iliyo kabla ya mkwaju) ya 3 au chini likiwa na unyevu, 5 au chini likiwa kavu, na kroma (ukolezo wa rangi, namba iliyo baada ya mkwaju) ya 3 au chini likiwa na unyevu. Kwa mfano, 10YR 2/2 inapita, 10YR 4/3 yenye unyevu haipiti. Wengi husoma ukiwa na unyevu tu. Udongo wenye mchanga hupauka sana ukikauka, na hapo ndipo unapoweza kuanguka mtihani. Pima na kina: sentimita 25 zinatosha, na yapo masharti yanayokubali 18. Kaboni ya mboji isipungue asilimia 0.6, na ujazo wa besi (sehemu ya uwezo wa udongo wa kushika virutubisho iliyojazwa na kalisi, magnesi, potasi na sodiamu) usipungue asilimia 50, matabaka ya chini nayo yakiwemo. Mkanada atakuuliza mengine: yeye huita udongo wa jamii hii chernozemu, na huugawa kwa rangi kuwa wa kahawia, kahawia iliyokolea, mweusi na kijivu kilichokolea.

Dondosha asidi hafifu ya haidrokloriki kila baada ya sentimita chache, uandike povu, dalili ya chokaa, linapoanzia. Kisha tazama kama mfinyanzi umeshuka. Ikiwa tabaka la juu lina chini ya asilimia 15 za mfinyanzi, tabaka la chini lizidi kwa angalau alama 3 za asilimia, nawe uone utando wa mfinyanzi kwenye mabonge au kwenye madaraja kati ya chembe za mchanga. Ukiupata kwenye maeneo yenye mvua kama Iowa, unaelekea Argiudoli, yaani Molisoli ya maeneo yenye unyevu iliyoshusha mfinyanzi; usipoupata, Hapludoli, isiyoushusha. Magharibi zaidi, kwenye ukame, silabi ya unyevu "ud" hubadilika kuwa "ust", na udongo huwa Ustoli.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza. Familia ya udongo huu, yaani ngazi ya uainishaji inayotaja ukubwa wa chembe, haiamuliwi na udongo wa juu; kwa Hapludoli, kwa kawaida huamuliwa na kipande cha kati ya sentimita 25 na 100. Mfululizo (ngazi ya chini kabisa, yenye jina la mahali) wa Dickinson wa Iowa na ule wa Estherville, unaopatikana Iowa na Minnesota, yote ni Hapludoli, na yote inaweza kuwa na tifutifu kichanga juu. Lakini Estherville hukutana na mchanga na changarawe mapema, hivyo familia yake ni ya kichanga, wakati Dickinson ni ya tifutifu chembe-kubwa. Kwa mkulima hiyo ni tofauti ya maji: wa Estherville utakauka mapema msimu ukiwa mbaya, hata kama juu unafanana na wa Dickinson.

Andika jina lote kwenye karatasi ya shimo, pamoja na rangi zote mbili na kina cha povu. Unapofukia, rudisha matabaka kwa mpangilio wake, la chini kwanza, nyasi zake juu: udongo huu ukiachwa wazi hupeperushwa na upepo upesi.