Ukichoka na masoko ya Guangzhou, nenda Shamian

Wengi wetu tunaokwenda Guangzhou, China, kufunga mzigo tunajua Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, na maduka ya jumla, basi. Ukipata nusu siku, vaa raba uende Shamian, kisiwa kidogo pembeni mwa Mto Pearl. Kukizunguka chote kwa miguu hakufiki hata saa mbili, tena ukitembea kivivu.

Kutoka Xiaobei panda metro laini ya 5, badilisha Ouzhuang, kisha laini ya 6 hadi Huangsha. Kama ulikuwa mtaa wa Yide Lu kununua mapambo, uko vituo viwili tu. Vuka daraja la mfereji na kelele zinapungua ghafla: miti mikubwa ya kivuli, wazee wakinyoosha viungo, majengo ya karne ya 19 yaliyoachwa na Waingereza na Wafaransa waliogawana kisiwa hiki baada ya vita vya kasumba (afyuni) walivyopigana na China. Nenda asubuhi ya siku ya kazi. Wikendi kila kona kuna bibi harusi anapigwa picha, na utangoja sana upite.

Kula huko sikushauri, bei ni za watalii. Rudi ng'ambo ya mfereji, upande wa Qingping wanakouza dawa za asili na uyoga mkavu, utafute mgahawa wa tambi uliojaa wenyeji. Weka Alipay, programu ya kulipia kwa simu, mapema na uunganishe kadi yako, maana wauzaji wengine noti hawana hata chenji yake. Mwavuli pia, hasa kati ya Mei na Septemba.