Kabla jike hajaanza kuatamia: maandalizi kwa wafugaji wa sikilidi

Wengi wanaofuga sikilidi, samaki wa jamii ya perege, huanza kuhangaikia tanki la pili la kumtengea mama siku wanapomwona jike amegoma kula na kidevu kimemvimba. Siku hiyo tayari umechelewa. Sikilidi wa Ziwa Nyasa, yaani mbuna wakaao kwenye miamba na jamaa zao, huatamia mayai mdomoni kwa takribani wiki tatu maji yakiwa nyuzi 25 hadi 27. Tanki jipya nalo huchukua wiki nne hadi sita ndipo bakteria watoshe kuigeuza amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Hesabu haikai. Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze na nini, simtajii tanki. Namtajia sifongo.

Tumbukiza sifongo la akiba kwenye tanki kubwa leo hii, hata kama majike wako bado wadogo. Likikaa humo mwezi mmoja hivi linajaa bakteria, na siku ya haja unalihamisha likiwa bichi hivyo hivyo, bila kulisuuza kwa maji ya bomba yenye klorini. Chujio la sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa lina uzuri mwingine: halivuti kifaranga. Chujio la mota humvuta, na usipolifunika mdomo utakuja kuwahesabu vifaranga ndani yake.

Kwa mama mmoja wa mbuna, tanki la lita 40 hadi 60 linatosha. Mwekee kipande cha bomba la plastiki au chungu kilicholazwa ubavu, bandika karatasi nyeusi pande tatu za kioo, na usisahau kifuniko, maana jike mwenye hofu huruka. Chini acha wazi, kinyesi kionekane na kufyonzwa kwa urahisi. Maji chota kutoka tanki analotoka, asikutane na mageni. Yawe magumu, yaani yenye madini mengi, pH (kipimo cha uchachu) kati ya 7.8 na 8.6, joto lile lile. Vile viboksi vya wavu vinavyoning'inizwa pembeni ya tanki mimi sivipendi kwa mama. Wenzake wanamwona, dume linamkodolea macho, naye anazunguka humo mpaka anatema.

Sasa, amebeba kweli au ameshiba tu? Mtazame kwa ubavu. Ngozi ya chini ya taya hushuka kama mfuko, mdomo haufungi sawasawa, na kila baada ya muda anafanya kama anatafuna ilhali hana chakula: anayageuza mayai yapate hewa. Ukidondosha chakula anakisogelea, anakitazama, anageuka. Andika tarehe. Mwishoni mwishoni, kwa wale wenye ngozi nyembamba, ukimulika tochi unaweza kuyaona macho ya vifaranga kama vidoa vyeusi.

Usimhamishe siku za mwanzo. Mayai machanga huyatema au kuyameza kwa urahisi. Mimi husubiri zipite wiki mbili na ushee. Fanya kazi hiyo usiku, taa zikiwa zimezimwa muda, na ondoa mawe kwanza kabla ya kushika wavu, kwa sababu kumkimbiza samaki kati ya mawe ndiko kunakomtemesha. Akishaingia kwenye wavu, mpitishie bakuli chini ya maji na umtoe akiwa bado majini. Akitema, vitu vyote vimo bakulini.

Jike anayebeba kwa mara ya kwanza mara nyingi hummezea mfugaji matumaini yake siku ya tatu au ya nne. Mwache, atazoea. Wafugaji wa Tropheus, sikilidi wa Ziwa Tanganyika, wana hesabu yao: hawa hubeba mayai machache lakini makubwa, hukaa nayo wiki nne au zaidi, na mama huendelea kula kidogo akiwa amebeba. Na kama katika tanki lako la Tanganyika yupo kambare mwenye madoa, Synodontis multipunctatus, usishangae akitoka mdomoni mtoto mwenye sharubu. Kambare huyo huyapenyeza mayai yake wakati sikilidi wanataga, na watoto wake huwala watoto wa mwenye mdomo humo humo ndani.

Vifaranga wakiachiliwa huwa na urefu wa karibu sentimeta moja na wanakula siku hiyo hiyo. Chakula cha vipande kisage kwa vidole kiwe unga. Ukitaka kuwapa artemia, vijidudu vidogo jamii ya kamba wa maji ya chumvi, angua mapema, kwani mayai yake huchukua siku moja hadi moja na nusu kwenye maji ya chumvi yenye joto. Walishe kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku, na badilisha robo ya maji mara mbili kwa wiki. Mama naye amekonda. Mtenge na watoto kwa kioo cha kugawia, mlishe siku kadhaa, ndipo umrudishe usiku, na siku hiyo uyapange upya mawe ya tanki kubwa. Nafasi yake imeshachukuliwa, lakini mawe yakihama kila samaki anaanza upya kutafuta pake.

La mwisho liamue kabla hujanunua hata hilo sifongo: baba ni nani, na vifaranga 30 watakaa wapi baada ya miezi mitatu? Tanki lenye mbuna wa aina tatu zinazokaribiana hutoa machotara, na hao usimgawie mtu kwa jina la aina safi, wala usiwamwage mtoni au ziwani. Kama huna nafasi, hakuna dhambi kumwacha mama kwenye tanki kubwa. Rundika mawe madogo kwenye kona moja, yabanane. Wawili watatu watapona humo, na utawagundua siku moja wakichungulia kwenye nyufa.