Kitunda pungufu, ngome moja: namna ya kuishika sare

Mimi ni fundi cherehani, Mkunazini, Unguja. Katika mashindano ya mwisho ya sataranji (chess) nilipangwa na mchezaji wa Chake Chake, akanizidi kitunda kimoja, ile kete ndogo kabisa, mpaka mwisho, na bado tulitoka sare. Nusu pointi ile naienzi kuliko mechi nilizoshinda, maana wachezaji wengi wa klabu tunaangukia hapo hapo.

Ubao ulibaki hivi (herufi ni safu ya wima, a hadi h; namba ni mstari wa mlalo, 1 hadi 8, kuanzia upande wa nyeupe; ngome ni kete iendayo moja kwa moja, wima au mlalo). Yeye, nyeupe: mfalme d5, kitunda e5, ngome a7. Mimi, nyeusi: mfalme e8, ngome b6.

Mfalme wako akae mbele ya kitunda, asiondoke. Ngome ikae mstari wa sita iwe ukuta, mfalme wake asipite. Basi subiri: b6 kwenda g6, g6 kurudi b6. Mkono utakuwasha utake kushambulia, uzuie. Mwaka jana niliiondoa ngome mapema nikaipeleka e1, nyuma ya kitunda. Mfalme wa mwenzangu akapanda e6, nami kwa hofu nikakimbilia d8, upande mpana, nikafungwa. Ukiteleza hivyo, kimbilia f8, upande wenye safu chache. Sare bado ipo.

Akisukuma kitunda mpaka e6, usichelewe hata hatua moja: teremsha ngome b1. Mfalme wake hana tena pa kujibanza. Akienda d6 anatishia kumuua mfalme wako kwa ngome a8, kwa hiyo mpige sheki, yaani mtishie mfalme wake, kwa ngome d1. Akija e5, e1. Akienda f6, f1. Mbinu hii ina jina la Philidor, Mfaransa wa karne ya 18, mtunzi wa muziki pia.

Kuomba sare kuna adabu yake: cheza kwanza, tamka, ndipo ubonyeze saa. Mwenzangu alikataa mara mbili. Basi andika kila hatua, kwa sababu hali ile ile ikirudi mara ya tatu, zamu ikiwa ya mtu yule yule, sare ni haki yako. Kama ni hatua yako ndiyo itakayoirudisha, iandike kwenye karatasi bila kuicheza, simamisha saa, mwite mwamuzi. Ndivyo nilivyofanya. Alizipitia karatasi zetu zote mbili, akakubali.

Jioni tulikwenda kunywa kahawa Jaws Corner. Nikatandika ubao wangu wa kitambaa nilioushona mwenyewe, tukaipanga upya, safari hii yeye akiwa nyeusi.