Mfanyakazi mmoja, ajira mbili: namna ya kuziingiza kwenye mfumo bila kumharibia mtu mshahara

Wiki hii peke yake nimeulizwa swali hili mara nne, na mara mbili simu imenikuta kwenye foleni ya feri Likoni, hapa Mombasa. Naandika mara moja, mwenye shida asome hapa.

Kisa ni kile kile. Hoteli ina nyumba mbili, moja Nyali na moja Bamburi. Karani wa mapokezi wa Nyali, Jumatatu hadi Ijumaa, anapewa kazi ya pili ya kusimamia dobi la Bamburi Jumamosi na Jumapili. Mshahara mwingine, msimamizi mwingine. Mimi natumia PeopleSoft, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wafanyakazi na mishahara. Ukiwa na mfumo mwingine, majina ya vitufe yatabadilika lakini mantiki ndiyo hiyo: mtu ana nambari moja, na kila kazi anayoifanya ni rekodi chini ya nambari hiyo.

Hatua ya 1. Pata barua ya ajira ya pili iliyosainiwa. Bila barua usiguse kitu.

Hatua ya 2. Mtafute mtu kabla ya kumwongeza, na umtafute kwa nambari ya kitambulisho na PIN ya KRA, yaani nambari yake ya mlipa kodi. Usimtafute kwa jina. Majina yetu ya Pwani yanaandikwa kila namna: Mwanaisha wa kwenye barua ni Mwana Aisha wa kwenye kitambulisho na Mwanaesha wa kwenye mfumo. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilimtafuta dada mmoja kwa jina, sikumwona, nikamfungulia nambari mpya kama mgeni. Mfumo ukawa unamkata kodi kama watu wawili. Chukua mfano wa Nyali 40,000 na Bamburi 22,000, tuweke kando makato mengine ili hesabu ionekane. Kwa bendi za kodi ya mshahara za Kenya zilizoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza zinakatwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, na kutoka hapo asilimia 30 mpaka 500,000. Zile 22,000 zikisimama peke yake kodi yake ni 2,200, na nafuu ya 2,400, ile anayopunguziwa kila mtu kwenye kodi yake ya mwezi, inaifuta yote. Inaonekana hadaiwi. Kumbe 22,000 hizo zinakaa juu ya 40,000, kwa hiyo zote ziko kwenye asilimia 30: shilingi 6,600 kila mwezi hazikukatwa. Miezi minane ni 52,800. Niligundua wakati wa kutoa P9, zile kadi za kodi za mwaka za kila mfanyakazi, zilipotoka mbili zenye PIN moja. Yule dada alilipa deni lile kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wake, naye hakukosea lolote. Mpaka leo linaniuma.

Kama tayari umemfungulia nambari mbili, usifute hata moja. Andikia wasimamizi wa mfumo waziunganishe, na mwambie mhasibu siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa mwaka.

Hatua ya 3. Ndani ya nambari yake ile ile, ongeza rekodi ya ajira. Ya kwanza ni 0, hii itakuwa 1.

Hatua ya 4. Tarehe ya kuanza kutumika ni ile ya kwenye barua, hata kama unaingiza wiki mbili baadaye. Mabadiliko mawili ya siku moja yanapewa nambari za mfuatano 0 na 1, ambazo si zile nambari za rekodi.

Hatua ya 5. Rekodi 0 iwe ajira kuu, rekodi 1 iwe ya pili. Zisiwe kuu zote mbili.

Hatua ya 6. Msimamizi, idara na akaunti ya gharama za rekodi 1 ni za Bamburi.

Hatua ya 7. Likizo ihesabiwe kwenye rekodi kuu, isipokuwa barua imesema vingine. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mtu siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka. Nimewahi kuona mtu anaonyeshwa 42, akapanga safari ya Lamu kwa siku ambazo hana.

Hatua ya 8. Endesha mshahara wa majaribio. Nafuu ya 2,400 ionekane mara moja tu. NSSF, makato ya hifadhi ya jamii, nayo iangalie: kikomo chake cha juu ni cha mtu mzima, si cha kila rekodi.

MASWALI

Kijana wa Kisauni: Nimejaribu imekataa. Nifanyeje?

Jibu: Hatua ya ngapi? Mfumo umeandika nini?

Kijana wa Kisauni: Nikimwongeza unasema PIN ipo tayari.

Jibu: Basi yumo. Soma hatua ya 2.

Afisa Changamwe: Mimi miaka yote nafungua nambari mbili na sijaona shida.

Jibu: Shida iko kwa mfanyakazi. Toa P9 zake zote mbili, zijumlishe, upige kodi upya.

Binti Tudor: Shikamoo mwalimu. Msimu umekwisha, dobi linafungwa mwisho wa mwezi wa nne. Nikiisitisha ajira ya pili, ile ya Nyali haiguswi? Na tarehe niweke ipi?

Jibu: Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Haiguswi, mradi umesimama kwenye rekodi 1. Kabla ya kuhifadhi, soma nambari ya rekodi pale juu ya ukurasa, uisome kwa sauti. Ukisitisha 0 kwa bahati mbaya, umemwondoa kwenye kazi yake kuu. Tarehe ya kusitisha ni siku ya kwanza ambayo hafanyi kazi: akimaliza tarehe 30 Aprili, andika 1 Mei. Msimu ukirudi, mrudishe kwenye rekodi 1 ile ile, usifungue ya 2.

Binti Tudor: Na kama kazi ya pili iko kwa mwajiri mwingine kabisa?

Jibu: Hapo hakuna rekodi ya kwako kuongeza. Nafuu anapewa na mwajiri mmoja tu. Yule wa pili anamwandika kwenye P10, ile ritani ya kodi ya mishahara anayopeleka mwajiri KRA kila mwezi, kama mfanyakazi wa ajira ya pili. Mwenyewe atajumlisha mapato yote kwenye ritani yake kabla ya 30 Juni, na tofauti atadaiwa. Mwambie mapema aanze kuweka akiba.

Mama wa Majengo: Huyo karani wako anapumzika lini? Jumatatu hadi Ijumaa Nyali, Jumamosi na Jumapili Bamburi. Sheria inataka siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Jibu: Dada, umeona nisichokiona. Kila rekodi ukiitazama peke yake ina mapumziko, mtu mwenyewe hana. Naongeza kwenye hatua ya 1: ratiba za zamu za pande zote mbili ziwekwe pamoja kabla barua haijasainiwa.

Mama wa Majengo: Sisi tunatoa ripoti ya mahudhurio kwa nambari ya mtu badala ya rekodi, kila Jumatatu. Aliyefika siku saba mfululizo anaonekana pale pale.

Jibu: Nitumie namna mlivyoipanga. Jumatatu hii naitoa na mimi.