Kupima sumukuvu kwenye karanga kwa bayosensa ya kitepe

Wiki iliyopita nilimsaidia mama mmoja wa Kibaigwa kupima karanga zake kwa bayosensa ya kitepe, yaani kikanda chembamba kinachoonyesha sumu kwa mistari, kabla hajaziuza. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotoka kwenye ukungu, iliua watu hapa Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haionekani kwa macho.

1. Sampuli. Hapa niliwahi kupoteza siku nzima. Nilichota konzi moja mdomoni mwa gunia, kitepe kikaonyesha salama. Konzi ya pili, gunia lilelile, ikazidi kiwango. Nikalaumu vitepe, nikafungua boksi jipya, nikarudia mpaka jioni. Vitepe havikuwa na kosa: punje chache tu huwa na sumu, lakini hizo chache huwa nayo nyingi mno. Kwa hiyo choma gunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka, juu, katikati na chini, pande zote. Bambo likiwa fupi, mwaga gunia zima juu ya turubai. Magunia ya chini ya lundo usiyaruke, ndiyo yanayonyonya unyevu. Kusanya kilo tatu hivi au zaidi, wala usichambue. Mama alipoanza kutupa zilizosinyaa nilimzuia: "Hizo ndizo tunazozitafuta, mama." Kisha saga ZOTE ndipo upunguze, ukipunguza kabla ya kusaga umerudi kwenye konzi. Blenda ipige kidogokidogo, la sivyo karanga zinageuka siagi. Kinu sikipendi, huacha chengachenga. Changanya unga, ugawe mafungu manne, chukua mawili ya mkabala, rudia mpaka ubaki na kiasi kinachotakiwa. Osha blenda kabla ya gunia jingine.

2. Pima unga kwa mizani, tia kimiminika cha kuitoa sumu kwenye unga kwa kipimo cha maelekezo, tikisa, chuja. Mimi hununua vifaa vinavyotumia ethanoli. Methanoli ni sumu, siitaki karibu na jiko.

3. Kitepe kikitoka kwenye friji, kiache mpaka baridi yake iishe ndipo ufungue pakiti. Kisha kikutanishe na kimiminika ulichochuja, kama maelekezo yanavyosema.

4. Kusoma. Usisome kama kipimo cha malaria, hapa ni kinyume. Ndani ya kitepe kuna kingamwili, protini zinazoinasa sumu, zilizobandikwa chembe za dhahabu. Sumu huzishika hizo, zikashindwa kunasa kwenye mstari wa kipimo. Mstari ukififia, sumu ipo. Mstari wa uhakiki usipotokea, tupa kitepe. Soma kwa dakika iliyoandikwa, na ukiweza nunua kisomeo, mashine ya kusomea kitepe: kiwango cha juu kinachoruhusiwa Tanzania ni mikrogramu 5 kwa kilo kwa aflatoksini B1, aina mojawapo ya sumu hii, na 10 kwa jumla ya aina zote, na jicho haliwezi kutofautisha hizo.

Gunia lililozidi litenge. Kukaanga hakuiondoi sumu yote, na ng'ombe wa maziwa usimpe, kwa sababu hupita mpaka kwenye maziwa.